Nyongeza ya Social Security 2026: angalieni inayoingia benki, sio asilimia

Nyie wenye wazazi Marekani mnajua, kila ikifika Oktoba simu zinaanza, mwanangu wametuongezea ngapi? Kwa 2026 nyongeza ya Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani, ni asilimia 2.8, ila ukimpangia mzee bajeti kwa hiyo asilimia peke yake hesabu haitokubali.

Nyongeza hii, wengi wanaiita COLA, haisubiri rais wala kura, tangu 1975 inakuja yenyewe kufuata bei za vitu. Wanachukua bei za Julai mpaka Septemba wanalinganisha na miezi hiyohiyo ya mwaka wa nyuma. Ndio maana 2023 ilikuwa 8.7, maisha yalikuwa yamepanda vibaya mno, na 2016 ilikuwa sifuri kabisa. Hujazi fomu yoyote, kwahiyo mtu akimpigia mama akitaka namba zake "ili aongezewe" huyo ni tapeli, mwambieni akate simu.

Sasa makato. Mzee mwenye Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, sehemu ya Part B, ile ya kulipia madaktari, kwa kawaida anakatwa humohumo kwenye pensheni. 2025 alikuwa anakatwa dola 185 kwa mwezi, 2026 ni 202.90. Chukua pensheni ya 1,500, nyongeza ni 42, toa 17.90 iliyozidi kwenye makato, kinachobaki ni dola 24 na senti 10 basi. Mwenye 600 nyongeza yake ni 16.80, haifikii hata hilo ongezeko la makato, hapo kuna sheria inayowalinda wengi wao hela isishuke chini ya ya mwaka jana, lakini cha ziada hakuna. Kama kipato cha mzee ni kidogo nendeni ofisi ya Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, ya jimbo lenu mkaulize kama anaweza kulipiwa hiyo Part B, watu wetu wengi hawaulizi na ni haki yao jamani.

Wenye SSI, ile ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo au wasio nacho, imetoka 967 imefika 994 kwa mtu mmoja. Anayekaa nyumba ya serikali ajiandae, kodi inapigwa kwa kipato kwahiyo nayo inaweza kupanda, na SNAP, ule msaada wa chakula, ikapungua kidogo.

Na hili la SSI naomba mlishike kabla hamjakata tiketi ya Nairobi au Dar: akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo malipo yanasimama, na akirudi lazima akae tena siku 30 mfululizo ndio astahili upya. Pensheni ya kazi na SSDI, malipo ya ulemavu ya mtu aliyewahi kufanya kazi, ni tofauti, raia wa Marekani anaendelea kulipwa akiwa Kenya au Tanzania na nyongeza inamfuata, ila asiye raia akipitisha miezi 6 nje malipo yanaweza kusimama, kwahiyo aulize Social Security kabla hajasafiri. Mzee wa SSI mkatieni tiketi ya wiki tatu.