Jinsi ya kuchagua chuo cha uhandisi Tanzania kabla ya dirisha la udahili

Mwongozo huu ni wa kijana aliyesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), au mwenye stashahada ya ufundi, anayetaka shahada ya uhandisi. Kila mwaka nasimamia wanafunzi wa fildi kwenye miradi ya ujenzi, na ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua fani na karakana kwanza, jina la chuo lifuate.

Hatua ya 1: Amua fani. Ujenzi, umeme na mitambo utavipata vyuo vingi, kuanzia Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) hadi MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Fani nyingine zina kwao. Mwenye moyo wa umwagiliaji aitazame SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Upimaji wa ardhi uko Chuo Kikuu Ardhi, na matengenezo ya ndege yako NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam. Inasikitisha kumwona kijana anayependa ndege akisoma zege miaka minne kwa sababu nyumbani walitaka chuo chenye jina.

Hatua ya 2: Linganisha matokeo yako na sifa. Kidato cha sita, A ni pointi 5 na E ni 1. Kima cha chini kwa kawaida ni pointi 4 kutoka masomo mawili, Hisabati na Fizikia zikitangulia. Hicho ni kizingiti tu. Kozi zinazogombaniwa huchukua wenye pointi za juu zaidi. Soma kitabu cha udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, cha mwaka wako, si cha kaka yako.

Hatua ya 3: Hakikisha kozi inatambuliwa. TCU iwe imeidhinisha kozi yenyewe, siyo chuo tu. Kisha uliza Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama wahitimu wake husajiliwa. Hapa usilegeze. Kwa sheria ya mwaka 1997, bila usajili huwezi kufanya kazi kama mhandisi, na shahada pekee haitoshi: unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi chini ya wahandisi wazoefu, ambapo mpango wa SEAP, wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, huchukua miaka mitatu. Anayekwenda China au India aanzie TCU kabla ya kulipa chochote.

Hatua ya 4: Nenda ukaione karakana. Siku moja ya safari inatosha. Omba kuingia, kisha uwaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, siyo ofisi ya udahili:

- Mashine za kukereza vyuma ni ngapi, na zipi zinawaka leo?
- Mnazishika wenyewe au mnatazama fundi sanifu akizishika?
- Vipande vya zege mnavivunja hapa kupima nguvu yake, au mnapewa majibu ya mwaka jana mnakili?
- Fildi mnatafutiwa nafasi? Mhadhiri akija saiti, anakaa na kuuliza maswali au anasaini daftari na kuondoka?

Mwanafunzi aliyeshika kazi hujibu kwa mifano, bila kubabaika. Usidharau vyuo vilivyoanza kama vyuo vya ufundi, kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), MUST na ATC (Chuo cha Ufundi Arusha). ATC ina kituo cha Kikuletwa, wilayani Hai, palipokuwa na mtambo wa zamani wa umeme wa maji. Anayetaka nishati asikose kupauliza. Mwanafunzi aliyezoea kushika spana hahitaji kufundishwa upya saiti.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya miaka minne. Jumlisha ada, malazi, nauli, fildi na kompyuta. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, omba, lakini panga na mzazi au mlezi kana kwamba mkopo utakuja pungufu.

Hatua ya 6: Tuma maombi. Tangu 2017 maombi huenda moja kwa moja chuoni. Omba vyuo kadhaa vyenye fani ileile. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha kimoja tu, hivyo andika namba ya simu unayoishika mwenyewe, siyo ya wakala wa intaneti kafe, na uthibitishe kabla ya siku ya mwisho.