Msome kenge kabla hujamtupia jiwe

Nafuga kuku wa kienyeji hapa Pemba, na nyumba yangu iko juu kidogo ya bonde la mpunga. Haupiti msimu bila jirani kuja na fimbo: "Bibi, kenge kamaliza mayai, tukamuue." Mimi humwambia tutazame alama kwanza.

Anza na saa. Mwili wa kenge hutegemea jua. Asubuhi hutoka akajianika mpaka apate joto, ndipo akaanza kuwinda, na jua likichwa hurudi shimoni. Yai lililopotea usiku msimsingizie, mtafuteni paka.

Halafu inama. Penye mchanga au tope, mkia wake huacha mfuo mmoja unaopindapinda, na huku na huku pana nyayo zenye alama za kucha. Mfuo usio na nyayo ni wa nyoka.

Ukihakikisha ni yeye, okota mayai mara tu kuku wanapotaga, usiyaache mpaka jioni. Waya wa banda uzike chini kiasi cha futi moja, kisha panga mawe juu yake, maana kenge ni mchimbaji hodari. Ukimkuta ndani, fungua mlango usimame pembeni. Usimbane kwenye kona: mkia wake huchapa kama bakora, na aking'ata haachii upesi. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha uende hospitali.

Na vichuguu msivivunje. Jike hupenda kuchimba kichuguu mvua zikilainisha udongo, akataga humo mayai kwa makumi. Mchwa wenyewe huziba tundu, na mayai hukaa miezi kadhaa katika joto na unyevu usiobadilika. Mimi hili hunistaajabisha kila nikilifikiri.

Shemeji yangu anayeishi Oman alinitumia picha ya kenge wa huko, wa jangwani. Waarabu humwita waral, na jina la kitaalamu la ukoo mzima, Varanus, limetokana na neno hilo. Nilimtazama sana. Mkia wa kenge wetu umebanwa ubavuni kama kasia, kwani ni muogeleaji. Wa yule ni wa mviringo. Matundu ya pua yake yako nyuma, karibu na macho, mchanga usimwingie anapochimba. Majira ya baridi hulala shimoni miezi mizima, na akiamka hula panya, mijusi, hata nyoka. Asichanganywe na dhabu, mjusi mwingine wa jangwani mwenye mkia wa miiba, ambaye chakula chake kikubwa ni majani.

Wetu hula kaa, konokono, vyura na mizoga, na ndiyo maana namtaka abaki bondeni. Ukitaka kumwona vizuri, nenda saa tatu asubuhi, kaa mbali, usitikisike. Wangu hupanda juu ya mnazi ulioanguka kando ya mtaro, na mimi nachambua mchele wangu mlangoni nikimwangalia.