Dakika tatu tu: kumwandaa mtoto wa Lamu au Malindi kwa shindano la kimataifa la kuimba

Mtoto aliyelelewa na kasida na maulidi huja na pumzi, sikio na ulimi ulionyooka. Kinachomwangusha kwenye mashindano ya nje ni saa, maikrofoni na upweke wa jukwaa lisilo na mwalimu wa kumtazama. Basi mwongozo huu hautafundisha kuimba. Unashughulika na hayo matatu.

Kipimo tutakachotumia ni kanuni za Junior Eurovision, shindano la kuimba la watoto wa Ulaya, kwa kuwa ni kali na ziko wazi. Shindano hilo lilianza Copenhagen mwaka 2003 kwa nchi 16, akashinda Dino Jelusić wa Croatia. Wanaoshiriki hasa ni vituo vya utangazaji, wanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya. Australia, iliyoanza 2015, iliingia kwa mwaliko. Kenya haimo. Akija mtu Malindi na fomu ya "kuiwakilisha Kenya Junior Eurovision" na anataka ada, mwonyeshe mlango. Lakini mtoto aliyezoea kanuni hizi hatasumbuliwa na masharti ya kwengine, iwe ni Tamasha la Muziki la Kenya la shule au shindano linalopokea video.

Kanuni zenyewe: mwimbaji awe na miaka 9 hadi 14 siku ya shindano. Wimbo uwe mpya, sehemu kubwa kwa lugha ya nchi, na uchukue dakika 2:30 hadi 3:00. Jukwaani wasizidi watu 6. Ala hutoka kwenye rekodi, ila sauti ya mwimbaji mkuu ni ya papo hapo.

Kanuni ya watu 6 ndiyo inayowauma watu wetu. Kundi la kasida la vijana kumi na wawili na matari yao haliingii. Na hao wapiga matari hata wakiingia watakuwa wanaigiza tu, kwani mlio unatoka kwenye rekodi. Rekodini matari nyote kumi na wawili, kisha peleka jukwaani mwimbaji mmoja na wenzake watatu au wanne wa kuitikia na kucheza. Sita kamili ni wengi kwa mtoto kukumbuka nani asimame wapi.

Kuupima wimbo

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Wimbo wa taarabu una utangulizi wa ala, beti tano au sita, na kiitikio baina yake. Dakika tatu zinaisha kabla mwimbaji hajafika ubeti wa tatu. Kosa la kawaida ni kuuchukua wimbo huo na kuukatakata, ukabaki na kichwa kikubwa na kiwiliwili kidogo. Tungeni upya kwa hesabu.

Chukua mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, mapigo manne kila kipimo. Mshororo wa shairi una mizani 16, yaani silabi: nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Ukiupa vipimo vinne, mtoto anapata nafasi ya kuvuta pumzi kwenye kina cha kati, mahali ambapo mshairi mwenyewe aliacha mlango. Ubeti wa mishororo minne basi ni vipimo 16, karibu sekunde 38. Sasa panga: utangulizi 4, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, sehemu ya kubadilisha mahadhi 8, kiitikio cha mwisho 8. Jumla vipimo 68, yaani dakika 2 na sekunde 43. Zinabaki sekunde 17 za usalama. Mnataka ubeti wa tatu? Hamna nafasi. Wekeni maneno yake kwenye ile sehemu ya kubadilisha mahadhi, mishororo miwili tu. Anayeona mizani 16 ni nzito kwa mtoto wa miaka tisa atumie utenzi: mizani nane, pumzi moja kila kipande.

Maneno yana mitego yake. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la muziki liangukie hapo hapo. Likiruka, neno linageuka. Imba "barabara" kwa pigo kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Lihamishe kwenye ya pili, ni sawasawa kabisa. Jaji wa nje hataona, lakini msikilizaji wa Mkomani, mtaa wa Lamu, ataangua kicheko, na mtoto akichekwa nyumbani huo wimbo umekufa. Noti ndefu isikalie "m" ya "mtoto" wala ya "mchana", kwa kuwa mdomo umefungwa na sauti haina pa kutokea. Ikalie irabu, na bora "a" au "o". Kiamu chafaa sana kwa hili: "mato" na "ndia" ni laini mdomoni kuliko "macho" na "njia". Msiogope kuandika kwa Kiamu. Ambatisha tafsiri, na iandikwe na mtu mmoja anayezijua lugha zote mbili, si programu ya simu.

Ufunguo wa sauti

Mpe mtoto "a" apande nayo pole pole, huku programu ya kupimia noti imewashwa kwenye simu. Tazama shingo. Noti ambayo mishipa inasimama na kidevu kinainuka ndiyo dari yake. Noti ya juu kabisa ya wimbo iwe chini ya dari hiyo kwa toni moja na nusu angalau. Siku ya shindano woga hupandisha koo, na dari hushuka.

Mvulana wa miaka 12 hadi 14 ni hesabu nyingine. Sauti yaweza kuvunjika baina ya Shaaban na Mfungo Mosi. Tengeneza rekodi ya ala katika funguo tatu: ya asili, iliyoshushwa nusu toni mbili, na iliyoshushwa nusu toni nne. Ikivunjika kabisa, simamisha mazoezi. Kumlazimisha aimbe juu kwa sauti inayopasuka ni kumwumiza.

Mazoezi

Wiki nane, siku nne kwa wiki, dakika 40 zilizogawiwa mbili na mapumziko katikati. Ramadhani hamishieni baada ya futari, kwani koo la mfungaji ni kavu alasiri. Tangawizi na asali ni vitamu na havidhuru, ila kinachopita umioni hakigusi nyuzi za sauti. Maji aliyokunywa saa mbili zilizopita ndiyo yanayomsaidia, pamoja na usingizi. Adui mkubwa ni makelele ya mpira ufuoni.

Wiki mbili za kwanza ni wimbo peke yake, bila kucheza. Ya tatu, aimbe akitembea. Ya nne, aimbe akipanda ngazi za nyumba, kisha ashuke akiimba tena. Pumzi ikikatika mahali pale pale mara tatu, tatizo liko kwenye utunzi: rudini mkapunguze silabi. Hatua za ngoma ziingie wiki ya tano, na pasiwe na kuruka katika vipimo vinne kabla ya noti ndefu.

Tangu wiki ya tano mwalimu akae nyuma ya mtoto. Watoto wa kasida wamezoea mkono wa ustadhi. Mkono ukiondoka, mwendo unayumba. Mpe kifaa cha masikioni kinachotoa rekodi ya ala, kwanza sikio moja, kisha yote mawili. Wengi hukichomoa kimoja wakiona hawajisikii. Asizoee hivyo. Ongeza sauti yake mwenyewe ndani ya kifaa badala yake.

Maikrofoni ishikwe katikati ya shina, si kichwani, umbali wa vidole vitatu kutoka mdomoni. Noti kali inapokuja iende nyuma hadi shubiri. Hakuna maikrofoni ya kweli? Kijiko cha upawa kinatosha kufundishia mkono.

Kurekodi

Nyumba za mawe za Lamu ni tulivu, kwa kuwa kuta ni nene. Lakini vyumba ni virefu na vyembamba, upana ukifuata urefu wa boriti, na chokaa laini hurudisha mwangwi. Simamisha godoro nyuma ya simu na jingine nyuma ya mtoto, leso nzito mbili ubavuni, na mtoto aimbe akielekea urefu wa chumba. Malindi, tafuta paa la makuti. Mabati hulia yakipata joto la jua, na mlio ule mdogo hausikiki mpaka umeshafika nyumbani.

Zima feni na friji. Weka simu katika hali ya ndegeni, kimo cha paji la uso, umbali wa sentimita 50. Rekodi sauti kwa WAV, faili isiyobanwa, 48 kHz, na noti kali isivuke −6 dB kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Ikigonga sifuri inapasuka na haitengenezeki. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, Jumamosi, ni wakati mzuri: adhana ya adhuhuri bado, na mashua za asubuhi zimeshaondoka. Punda hana ratiba. Chukua mara tatu kamili bila kukata, ukachague moja.

Video iwe ya kulala, si ya kusimama. Kanzu nyeupe pepe chini ya mwanga mkali huungua kwenye picha; rangi ya maziwa ni salama. Nguo ya mistari midogo hutetemeka machoni. Mwisho wa yote, usitume faili kwa WhatsApp kama video, kwa kuwa inabanwa na sauti inakuwa ya ndani ya debe. Itume kama dokumenti au kwa kiungo.

Kabla ya kujaza fomu

Cheti cha kuzaliwa kisomeke jina lile lile la shuleni, herufi kwa herufi. Ombi la pasipoti la mtoto lianze miezi mingi kabla, na mzazi asisafiri peke yake na watoto wengi. Tazameni kalenda: Junior Eurovision hufanyika Novemba au Desemba, na mitihani ya darasa la 6 na la 9 nayo huja mwisho wa mwaka. Shindano linalodai mlipe hoteli yao kabla ya kusikiliza hata noti moja linauza vyumba.

Na mtoto azoeshwe kuyatazama mashindano makubwa. Junior Eurovision huonyeshwa YouTube, na kura ya mtandaoni, ambayo ni nusu ya alama, iko wazi kwa watazamaji wa dunia nzima, Shela hata Watamu. Nusu nyingine ni ya majaji. Kaeni naye na saa mkononi, kila wimbo aandike sekunde ambayo sauti ya kwanza iliingia na sekunde ambayo kiitikio kilifika. Kisha achukue wimbo wake, aandike zake pembeni.