Kuchapa Picha ya Tembe kwa Njia ya Piranesi

Giovanni Battista Piranesi, msanii wa Italia aliyezaliwa karibu na Venice mwaka 1720 na kuhamia Roma mwaka 1740, aliacha mabamba 135 ya mandhari ya mji huo, yaani vipande bapa vya metali vilivyochimbwa mistari kwa asidi ili kuchapia picha kwa wino. Giza zito lililo chini ya matao yake linatokana na muda, kwa kuwa mistari iliyokaa zaidi ndani ya asidi ilichimbika zaidi na kubeba wino mwingi zaidi. Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo wa Dodoma yenye paa tambarare la udongo na mlango mfupi, huonekana vizuri kuliko wakati mwingine wowote jua linapoinama saa kumi alasiri, na kwa maoni yangu hakuna njia inayoifaa kuliko hii.

Ufundi huu ulianzia Ujerumani karibu na mwaka 1500, pale Daniel Hopfer wa Augsburg alipouhamisha urembo wa deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, hadi kwenye karatasi, akitumia chuma. Piranesi alitumia shaba nyekundu. Sisi tutumie bamba la alumini, ambalo halihitaji asidi kali.

Piga tupa kingo za bamba, lisugue kwa majivu laini na sabuni mpaka maji yatandae bila kujikusanya, kisha funika mgongo wake kwa tepu na upake usoni rangi nyeusi ya lami iliyozimuliwa kwa tapentaini, itakayoikinga metali isiliwe. Ikikauka, chora kwa sindano ukiikwangua rangi tu bila kuchimba metali, na ukumbuke kwamba picha itageuka kulia kushoto.

Changanya gramu 50 za mrututu (salfeti ya shaba), ambao wakulima wa zabibu wanaujua kama dawa ya ukungu, na gramu 50 za chumvi katika lita moja ya maji, ndani ya beseni la plastiki lisilotumika tena kwa chakula. Vaa glavu na ufanye kazi nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu yanayotoka ni gesi inayowaka. Ondoa kwa unyoya masimbi mekundu ya shaba yanayojikusanya kwenye mistari.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha kazi. Jaribu kwanza kipande kidogo, ukikitoa sehemu kwa sehemu baada ya dakika 2, 5, 10 na 20, ili ujue dawa yako inakula kwa kasi gani. Kisha tumbukiza bamba kwa muda mfupi, lioshe, likaushe, na ufunike kwa brashi, kwa rangi ileile ya lami, mistari ya anga na vilima vya mbali. Lirudishe, kisha funika ukuta unaopigwa na jua. Mwishoni uache wazi mlango na kivuli cha chini ya paa pekee, navyo viliwe kwa muda mrefu kuliko vyote.

Safisha bamba kwa tapentaini, jaza wino wa mafuta kwenye mistari na ufute uso kwa kitambaa cha pamba. Hewa ya Dodoma hukausha karatasi upesi, kwa hiyo iloweshe jioni na uifunge ndani ya mfuko wa plastiki hadi asubuhi. Pitisha bamba, karatasi na blanketi la sufu kati ya rola mbili za chuma zilizokazwa sana. Fundi wa kuchomelea anaweza kukuundia mashine hiyo.

Usimwage dawa mtaroni. Tia vipande vya alumini mpaka ubluu uishe, chuja masimbi, kisha tuliza ukali wa maji kwa magadi. Bamba nalo lihifadhi: mwaka 1761 Piranesi alitoa upya picha zake za magereza zikiwa na giza zaidi, na wewe pia unaweza kupaka rangi tena na kuongeza vivuli.