Kesi ya Chapta 13 imetupwa? Fanya hivi

Hii ni kwa wenzangu mlioko Marekani, mliokuwa mnalipa madeni kidogo kidogo kupitia korti ya kufilisika kwa ule mpango wa miaka 3 hadi 5 unaoitwa Chapta 13, halafu malipo yakawashinda na jaji akaitupa kesi. Jamani, kutupwa sio kusamehewa! Madeni yako palepale, riba inadaiwa tena, na ile kinga ya korti iliyokuwa inawazuia wadai imeondoka, yaani benki inaweza kuendelea na mnada wa nyumba na gari linaweza kuvutwa usiku umelala.

Kwa hiyo leo hii chukua oda ya jaji usome sababu. Kama ni makaratasi uliyochelewesha, au hela ambayo sasa unayo, muombe jaji airudishe kesi, ila una siku 14 tu tangu oda iingie, na rufaa nayo ni siku 14 hizohizo, wikiendi zinahesabiwa. Ambatanisha risiti na slipu za mshahara, maneno matupu hayasaidii.

Muda ukipita unaweza kufungua kesi mpya, isipokuwa kama ulikaidi amri za korti makusudi, au uliiondoa mwenyewe baada ya mdai kuomba kinga iondolewe, hapo unasubiri siku 180. Oda nyingine zinakuzuia kufungua kwa muda mrefu zaidi, ndio maana nasema isome yote.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia sana: kama ndani ya mwaka uliopita ulikuwa na kesi ikatupwa, kinga ya kesi mpya inakaa siku 30 tu, na lazima uombe iongezwe na jaji asikilize kabla hazijaisha, umuonyeshe kimebadilika nini, labda umepata kazi au mgonjwa wako amepona. Zikiwa zimetupwa 2, kinga haiji yenyewe kabisa. Usikimbilie kufungua kwa hofu ya mnada wakati mshahara bado haujakaa sawa, utapoteza nafasi.

Kama kipato ni kidogo uliza wakili kuhusu Chapta 7, yaani kufilisika kwa kufutiwa madeni bila mpango wa malipo, ada ya korti dola 338, madeni ya kadi na hospitali yanafutwa ila malimbikizo ya nyumba haikupi muda wa kuyalipa polepole. Na kama mpango wako ulikuwa haujapitishwa, muombe msimamizi wa kesi (trustee, yule anayepokea malipo yako) hela ulizompa, anatakiwa azirudishe akishakata gharama. Hela ya wakili huna? Ofisi za msaada wa kisheria ni bure kwa wenye kipato kidogo, omba na mkalimani wa Kiswahili.