Namna ya kupanga na kutafutia pesa mtambo wa kusafisha maji ya mji, hatua kwa hatua

Wenzangu wa sekta ya maji, hasa nyinyi mainjinia wachanga mlioingia kaunti juzi na tayari mmeambiwa muandike proposali ya mtambo mpya, hii ni yenu. Nimefanya kazi ya kupanga maji huku Kisumu na upande wa Nakuru, na naona watu wengi wanaanza na mchoro, matangi makubwa ya kupendeza, halafu pesa itafutwe baadaye. Mimi naanzia upande ule mwingine kabisa, kwa mita ya mteja, manake mkopo wa mtambo unalipwa na maji yaliyofika kwa mtu akalipa bili, hakuna mahali pengine pesa inatoka.

Hatua ya 1: Jua maji unayopoteza saa hii

Kabla hujafikiria maji mapya hesabu yale uko nayo. Funga mita kubwa pale maji yanatoka kwa mtambo wa sasa, jumlisha mita zote za wateja za mwezi mzima, tofauti ndio upotevu: yamevuja, yameibwa kwa koneksheni za gizani, ama mita zimezeeka zinasoma kidogo. WASREB, wale wanasimamia kampuni za maji, wanataka upotevu usipite asilimia 25, na wastani wa nchi kwa miaka mingi umekaa arobaini na kitu, kwa hivyo usishangae ukipata yako iko hapo.

Gawanya mji kwa zoni, kila zoni iwe na mita yake ya kuingilia, halafu soma kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri watu wakiwa wamelala. Zoni ikiwa bado inavuta maji mengi saa hiyo na sio watu wanajaza matangi, basi kuna paipu imepasuka mahali, tuma vijana watafute. Fanya hii kazi mwaka mzima ukiweka rekodi. Najua hakuna utepe wa kukatwa kwa kuziba paipu na mheshimiwa hatakuja kupigwa picha, lakini hiyo rekodi ndio itakuwa karatasi yako ya maana kuliko zote ukifika kwa mkopeshaji, nitakuonyesha kwa hatua ya 6.

Hatua ya 2: Hesabu mahitaji bila kujidanganya

Tuchukue mji wa mfano wenye watu 100,000. Ukikua asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 watakuwa kama 180,600. Kila mtu mpe lita 60 kwa siku, ukichanganya wenye bomba ndani ya nyumba na wale wa kioski, unapata kama kyubiki 10,800 kwa siku, na kyubiki moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ongeza asilimia 20 ya shule, hospitali, hoteli na soko, unafika 13,000. Sasa gawanya kwa 0.75 kama utapoteza asilimia 25, ni 17,300. Ukipoteza asilimia 45 utagawanya kwa 0.55 na itakuwa 23,600, yaani umejenga mtambo mkubwa zaidi kwa kyubiki 6,300 kila siku ndio maji yaende kwa mitaro. Ongeza kitu kama asilimia 20 ya zile siku za kiangazi watu wanatumia sana, na asilimia 5 ya maji mtambo wenyewe unatumia kuosha vichujio.

Halafu usijenge yote mara moja. Jenga nusu, acha nafasi ya nusu ingine, lakini paipu kubwa ya kutoka kwa chanzo na ile nyumba ya pampu ziweke za ukubwa kamili, hizo ni shida kurudia.

Hatua ya 3: Chagua chanzo, hapa usikimbizwe na mtu

Hii ndio hatua inaamua bili ya miaka 30 ijayo, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo. Kisumu ni darasa zuri kwa sababu iko na vyanzo viwili tofauti kabisa. Mtambo wa Dunga unavuta ziwani, mtambo wa Kajulu unachukua maji ya mto Kibos juu kule na yanateremka mjini yenyewe. Ziwa haliishi maji, sawa, lakini liko chini ya mji, kila kitu lazima kipandishwe na stima. Kupandisha kyubiki moja mita 100 juu kunakula kama yuniti 0.42 za stima na pampu nzuri tu, sasa piga mara kyubiki 20,000 kwa siku, ni yuniti 8,400 kila siku ya Mungu na stima ikipotea mji unakauka. Mto ulioko juu unakupa hiyo nguvu bure, ila mto nao una kiangazi.

Kwa hivyo mto upime miezi ya Januari na Februari, usipime Mei wakati umefura halafu uandike ripoti tamu. WRA, wale wanatoa kibali cha kuchukua maji, watakuuliza umewaachia nini watu na mifugo wa huko chini, na wana haki kuuliza, manake mto ukikauka kwa mkulima wa chini ndio paipu yako inaanza kukatwa usiku.

Ziwa nalo lina mambo yake. Ghuba ya Winam, ile sehemu ya Ziwa Victoria iliyoko Kisumu, ni ya kina kifupi, inapokea mbolea na uchafu wa mito, na magugu maji yamekuwa hapo tangu miaka ya tisini mwanzo, upepo ukigeuka asubuhi moja yanakuja yanafunga mdomo wa paipu. Kuna pia ule mwani wa kijani, aina fulani inatoa sumu ambayo kuchemsha maji hakuitoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa ile sumu inayojulikana zaidi ya mwani huo. Hapa muwe makini sana wenzangu: ukimwaga klorini nyingi mwanzoni kabisa wakati mwani bado mzima unaupasua na sumu yote inaingia kwa maji, afadhali kwanza uutoe ukiwa mzima, kwa kutulizia na kuchuja, klorini ije baadaye. Na mdomo wa paipu upeleke mbali na ufuo, mahali maji ni marefu, na nyumba ya pampu iinue, manake 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi watu wa ufuoni wakahama.

Nakuru ni hadithi ingine. Ziwa lao ni la chumvi halinyweki, na visima vingi vya kuchimba vina floridi, ndio unaona meno ya kahawia kwa watoto wa Bonde la Ufa. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtambo wa kawaida wa kutuliza na kuchuja hautoi floridi kama inavyotakiwa, kuchemsha ndio kabisa, kunafanya izidi kuwa kali kwa sababu maji yanapungua floridi inabaki. Inahitaji dawa yake, kama mkaa wa mifupa ambao Nakuru wameutumia miaka mingi, ama uchanganye maji ya kisima na maji ya mto mpaka kiwango kishuke. Kwa hivyo kabla ya kununua ardhi pima floridi, na maji ya mto ama ziwa yapime mwaka mzima, mvua na jua.

Hatua ya 4: Acha maji yenyewe yachague mtambo

Usinunue mtambo kwa katalogi. Chukua bika sita, zile glasi za maabara, za lita moja, weka maji ya chanzo chako, kila moja kipimo tofauti cha alumu, ile shabu, sema miligramu 10, 20, 30 mpaka 60. Koroga kwa nguvu dakika moja, polepole dakika 15 hadi 20, acha itulie nusu saa, uone gani imesafika vizuri kwa dawa kidogo. Rudia wakati wa mafuriko, utaona tofauti kubwa. Angalia pia kama maji yana alkali ya kutosha kwa sababu alumu inaila, bila hiyo utaanza kununua chokaa.

Baada ya vichujio vya mchanga lenga uchafu chini ya NTU 1, hicho ni kipimo cha ukungu wa maji, ndio klorini ifanye kazi yake, iipe nusu saa kwa tanki kabla maji hayajafika kwa mteja wa kwanza, na pale bombani ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Mji uliowahi kuona kipindupindu haufai kubembelezwa juu ya hiyo namba.

Hatua ya 5: Gharama ya kila mwezi

Watu wanaandika gharama ya kujenga pekee, halafu mtambo unafunguliwa na miezi sita baadaye hakuna dawa. Kyubiki 20,000 kwa miligramu 30 ni kilo 600 za alumu kwa siku, yaani magunia 12 ya kilo 50, siku ya Krismasi pia. Weka stima, klorini, mishahara, spea za pampu, mchanga wa kubadilisha, kubeba tope. Mapato ya bili lazima yalipe hizo zote kwanza, WASREB wanataka angalau asilimia 100, na 150 ndio inaitwa nzuri kwa sababu hapo sasa kuna kitu cha kulipa mkopo.

Hatua ya 6: Pesa

Sasa ile hesabu niliahidi. Kila bilioni 1 utakayokopa kwa miaka 20, riba ikiwa asilimia 5, utalipa kama milioni 80 kwa mwaka. Riba ikiwa asilimia 12 ni milioni 134. Mtambo wa kyubiki 20,000 ukiuza kila tone, riba ya 5 inaongeza kama shilingi 11 kwa kila kyubiki, riba ya 12 inaongeza 18. Lakini ukiwa na ile riba nzuri ya 5 na unapoteza asilimia 40 ya maji, ni shilingi 18 vilevile! Kwa hivyo mtu anasafiri mpaka Ulaya kubembeleza riba ishuke na paipu za mjini zinamrudisha palepale alipokuwa, na mkopeshaji mwenye akili anaijua hii hesabu ndio maana anaomba rekodi ya hatua ya 1 kabla hajauliza mtambo uko wapi.

Mahali pa kutafuta ni hivi. Mitambo mikubwa kawaida inajengwa kupitia wakala wa kazi za maji wa serikali kuu, huku Kisumu ni ule wa Ziwa Victoria Kusini, na mkopo unapita Hazina ya Kitaifa. Wafaransa kupitia AFD, shirika lao la maendeleo, waliweka pesa Kajulu hivyo. Kaunti haiwezi kukopa yenyewe tu, kifungu cha 212 cha Katiba kinasema lazima serikali kuu idhamini na bunge la kaunti likubali, kwa hivyo keti na wale wa kamati ya maji mapema, usiwaletee karatasi siku ya kupiga kura. Kwa mitaa ya watu wa chini kuna Hazina ya Maji, ile WSTF, inasaidia kioski na paipu ndogo. Ubia na kampuni binafsi upo kwa sheria ya 2021, lakini mwekezaji atataka kaunti imuahidi kununua maji hata kama hayauziki, hapo tafuta wakili mzuri.

Mambo mawili ya kuogopa. Mkopo wa dola: 2021 mwanzoni dola ilikuwa kama shilingi 110, Januari 2024 ikapita 160, na mteja wa Manyatta, mtaa wa huku Kisumu, analipa kwa shilingi. La pili ni pesa iliyofungwa kwa mkandarasi wa nchi moja. Bwawa la Itare kule Kuresoi, ambalo Nakuru ilikuwa inalitegemea, lilianza 2017, mkandarasi akapata shida za kifedha kwao Italia na kazi ikasimama. Andikeni kwa mkataba mkandarasi akianguka pesa inaendelea vipi.

Na bei ya maji msiogope kuizungumzia kwa baraza. Mama anayenunua mtungi shilingi 5 kwa mkokoteni analipa 250 kwa kyubiki, zaidi kuliko jirani yake mwenye bomba. Kule Nyalenda na Manyatta kampuni inauzia vikundi vya mtaa maji kwa jumla na wao wanasambaza na kukusanya pesa, na wizi unapungua kwa sababu mwenye mtaa anajua nani ni nani.

Hatua ya 7: Vibali na ardhi

Leseni ya NEMA, wale wa mazingira, kibali cha WRA, ushiriki wa wananchi, na ardhi iwe na hati, pamoja na njia ya paipu. Anza yote siku moja maana zinachelewa kila moja kivyake. Usisahau mahali pa kumwaga tope la mtambo, ukirudisha mtoni NEMA watakuja.

Hatua ya 8: Tenda na kukabidhiwa

Kwa tenda pima gharama ya miaka 20, stima na dawa ndani, sio bei ya kujenga peke yake, la sivyo utauziwa pampu rahisi ya kula stima. Waendeshaji waajiri mtambo ukiwa bado unajengwa, wajue kila valvu iko wapi chini ya udongo. Na ile pesa unamshikilia mkandarasi usiiachilie yote siku ya kukabidhi, nusu ibaki miezi 12, ndio mtambo upitie mvua ya Machi mpaka Mei na ile ya Oktoba mpaka Disemba, mto ukija na matope ya kweli, na kila siku ya hizo mvua muwe mmeandika NTU ya kuingia na ya kutoka.