Unapokwenda kunyooshwa mgongo: maelezo ya fundi cherehani wa Moshi

Mimi nashona Moshi mjini, kwenye baraza ya duka la vitenge, si mbali na Soko la Kati. Mwaka wa 19 huu niko juu ya cherehani ya miguu. Wachaga wakianza kurudi nyumbani mwezi wa 12, kila mtu anataka nguo ya Krismasi, na kabla hujapumua Januari imeingia na sare za shule. Msimu mmoja wa namna hiyo ndio ulionilaza. Niliinama kuokota bobini chini ya meza nikabaki hapo hapo, mkono mmoja sakafuni, mteja ananitazama kama ninatafuta kitu.

Nilianza vibaya. Nilimwita mkandaji wa mtaani. Alinichua na mafuta, nikapata nafuu, na angeishia hapo ningemshukuru. Lakini akasema mfupa umehama, akanipanda mgongoni kwa miguu yake ili aurudishe. Siku 4 nilivalishwa viatu na binti yangu. Kuchua misuli ni kazi moja, kusukuma pingili za mgongo ni kazi nyingine kabisa, na mimi nilijifunza tofauti hiyo nikiwa nimelala kifudifudi.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwa kairoprakta, mtaalamu aliyesomea kunyoosha viungo vya mgongo kwa mikono, huko Arusha. Safari ni kama kilomita 80, na kama mgongo unauma, kaa kiti cha mbele kwenye Coaster hata kama itabidi usubiri gari linalofuata. Kiti cha nyuma kabisa kitakumaliza kabla hujafika Boma Ng'ombe.

Vaa nguo isiyobana. Hili nalisema kama fundi. Mimi nilikwenda na gauni la kitenge lenye mshono wa kubana, nikaambiwa nilale ubavu nikunje goti, zipu ikapasuka, zipu niliyoishona mwenyewe. Suruali laini inatosha, au dera na taiti ndani.

Ukifika usitegemee kulazwa mezani mara moja. Sehemu kubwa ya siku ya kwanza ni maswali, na akiyaruka, ondoka. Atauliza maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni au yanaishia kiunoni, usiku yanakuamsha au hapana, umewahi kuanguka, unatumia dawa gani. Mimi niliulizwa kama napungua uzito, kama natokwa jasho usiku, kama kuna mtu nyumbani amewahi kuugua kifua kikuu. Nikashangaa, nimekuja na mgongo naulizwa kifua! Kumbe TB inaweza kukaa kwenye uti wa mgongo ikala pingili taratibu, na mgongo wa namna hiyo ukisukumwa ni hatari. Maswali hayo ndiyo niliyoyalipia, ukitaka maoni yangu, kuliko ule mlio wa kiungo kikisukumwa.

Baada ya hapo atakusimamisha, atakuinamisha mbele na nyuma, atagonga goti kwa kinyundo, atakuambia utembee kwa visigino na kwa ncha za vidole. Anaangalia kama mishipa ya fahamu inafanya kazi. Picha ya eksirei si lazima kwa kila mtu. Kiuno kilichokaza tu kwa kawaida hakihitaji.

Kuna watu wasiotakiwa kusukumwa mgongo hata kidogo. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukihisi ganzi sehemu zile unazokalia, au mguu ukizidi kulegea, hiyo si safari ya kairoprakta, ni ya hospitali, na ni leo leo. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, saratani ya zamani, mifupa iliyokonda kwa uzee, kuanguka kutoka kwenye bodaboda: hospitali kwanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Mjamzito naye aseme, maana kuna namna zake za kulazwa.

Sasa ile kazi yenyewe. Meza yake ina tundu la kuingiza uso, ili ulale kifudifudi bila kupinda shingo. Anapapasa mgongo pingili moja baada ya nyingine. Tunazo 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifuani, 5 za kiunoni. Chini yake ni zile zilizoungana. Kati ya pingili na pingili kuna diski laini, na kwa nyuma kuna viungo vidogo viwili viwili vinavyoteleza kama bawaba. Anatafuta bawaba iliyokaza, au mahali ukiguswa unaruka.

Kwa kiuno changu alinilaza ubavu. Mguu wa chini umenyooka, wa juu umekunjwa goti. Mkono wake mmoja begani, mwingine nyuma ya nyonga, akanizungusha polepole mpaka kiungo kikafika mwisho wake, pale ambapo hakuna tena ulegevu wa kuvuta. "Vuta pumzi, mama. Haya, itoe." Nilipokuwa naitoa, akasukuma mara moja, haraka sana, umbali mdogo sana. Ni chini ya sekunde moja. Wepesi ndio unaofanya kazi, kwa sababu misuli haipati nafasi ya kujikaza ikashindana naye. Nikasikia mlio, "tak!", na nikapiga kelele kwa woga, si kwa maumivu.

Mlio ule si mfupa unaorudi mahali pake. Ni sawasawa na kualisha vidole. Ndani ya kiungo kuna ute wenye gesi iliyoyeyuka, na nyuso mbili za kiungo zikiachana ghafla, kunatokea uwazi wa gesi ndani ya ute. Mwaka 2015 watafiti walipiga picha za MRI vidole vikialishwa na kuuona uwazi huo ukitokea. Ndiyo maana kidole ukikialisha hakilii tena papo hapo, inabidi usubiri kama dakika 20. Na kiungo kisipolia, haimaanishi kazi haijafanyika. Kiungo changu cha kushoto hakikulia, na ndicho kilichokuwa cha kwanza kulegea.

Nafuu inatoka wapi, basi? Nilivyoelezwa, na ndivyo nilivyohisi, mvuto wa ghafla unapeleka habari nyingi kwa mishipa ya fahamu kutoka kwenye kiungo na misuli yake, uti wa mgongo unapunguza sauti ya maumivu, na misuli iliyokuwa imejikaza kulinda mahali pale inalegea. Mwendo unarudi. Ni kama cherehani iliyokazwa uzi kupita kiasi: hukunji sindano, unalegeza uzi, kitambaa kinapita. Mfupa wangu haukuwa umehama. Ungekuwa umehama kweli, ningekuwa wodini.

Maneno ya mfupa kuhama yana historia, na hayakuanzia kwa mkandaji wangu. Kairopraktiki ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer, huko Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Alimsukuma pingili mfanya usafi mmoja, Harvey Lillard, aliyekuwa hasikii vizuri, akadai usikivu umerudi. Kutoka hapo akaamini kwamba karibu maradhi yote ni pingili zilizohama zikabana mishipa. Imani hiyo haikusimama. Kilichosimama ni maumivu ya mgongo, hasa kiuno, ambako kusukumwa kunasaidia kiasi, karibu sawa na mazoezi. Kwa hiyo ukikutana na anayekuahidi kuponya pumu, presha au ugumba kwa kukugeuza shingo, chukua mkoba wako.

Shingo niliiogopa, na nilikuwa na haki. Kuna mishipa ya damu inayopanda ubongoni kupitia pingili za shingo, na kwa nadra sana imewahi kuchanika baada ya shingo kusukumwa, mtu akapata kiharusi. Unaruhusiwa kukataa. Mimi nilisema shingo hapana, akaninyoosha polepole bila kusukuma, hakukasirika. Kuna pia kifaa kidogo cha springi kinachogonga taratibu, kwa wanaoogopa mikono.

Muulize pia alisomea wapi na kibali chake cha kutoa huduma Tanzania. Hii ni fani ya chuo: Shirika la Afya Duniani mwaka 2005 liliweka kiwango kisichopungua saa 4,200 za masomo. Afrika Kusini inafundishwa vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Na jihadhari na kuuziwa vifurushi kama vya simu, lipia mara 30 leo upate punguzo. Mimi nilikwenda mara 3 katika wiki 2, ya nne akaniambia siihitaji.

Jioni yake mgongo utauma kidogo, kama wa aliyelima. Siku moja au mbili, maumivu yanapita. Tembea, usilale kutwa.

Kama Arusha ni mbali au bei haishikiki, hospitali ya KCMC hapa Moshi, iliyofunguliwa 1971, ina fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na inawafundisha wataalamu wenyewe. Mazoezi ninayofanya hadi leo ni yale yale: nalala chali, nakunja magoti, nainua nyonga, nahesabu hadi 5, nashusha, mara 10. Kisha nakaa kwa magoti na mikono, nainua mgongo kama paka, naushusha.

Kiti cha plastiki nilikiwekea mto wa mabaki ya vitambaa, cherehani nikaiinua kwa vipande vya mbao ili nisiiinamie. Na bobini ikiisha, nasimama. Nazungushia uzi nyingine nikiwa nimesimama, natembea hadi kwenye pasi na kurudi. Kwa sare za shule bobini inaisha haraka. Kwa gauni la bibi harusi inachelewa, na siku hizo binti yangu ndiye anayenikumbusha.